Kibe kwa Filimbi

Uwanja wa Kibuta ulisafishwa na watu wawili, baba na mwanawe, na visiki vyake vilikuwa vya mikorosho mizee ambayo mizizi yake haikuwa na haraka ya kutoka. Baba ni Kibwana, mkulima wa mihogo na mpunga kidogo. Mwana ni Adamu, ambaye siku moja alirudi kutoka Kisarawe na mpira wa ngozi kwapani, akasema kwamba sasa kinachokosekana ni mahali pa kuupigia. Kibwana alimjibu kwamba kinachokosekana ni akili. Kesho yake alikuwa wa kwanza kufika pale, na shoka begani.

Walichimba kiangazi kizima. Adamu akacheza kwenye uwanja huo misimu miwili, kisha masika yalipoingia akashikwa na homa, na mvua haijakatika wakawa wamemzika. Mpira nao haukukaa. Ulichomwa na mwiba, ukashonwa, ukachomwa tena, mwisho ukawa mto wa paka nyumbani kwa Mwalimu Hemedi. Tangu hapo uwanja haukuwa na kazi, ila kila asubuhi Kibwana aliufagia.

"Wewe umeoa uwanja," mkewe Mwamini alimwambia. Hakusema kwa ubaya. Yeye mwenyewe hakupita pale kabisa. Akienda kisimani alizunguka nyuma ya msikiti, ingawa njia hiyo ni ndefu na ndoo ya maji haijali huzuni ya mtu.

Ndipo akaja bwana shauri mpya, afisa wa serikali ya kikoloni wilayani. Alikuwa kijana wa Kiingereza mwenye soksi ndefu na Kiswahili cha vitabuni, kisicho na kosa hata moja, na kwa sababu hiyo watu walimsikiliza kwa tahadhari. Mwaka uliotangulia njaa ilikuwa imepita kwenye vijiji vya Kisarawe, na serikali ilitaka kila kijiji kiwe na shamba lake la akiba la mihogo. Bwana shauri alitembezwa na Jumbe Mwinyijuma, akaonyeshwa mabonde, akaonyeshwa vichaka, akatikisa kichwa. Alipofika uwanjani akasimama. Aliona ardhi tambarare, safi, isiyo na kisiki hata kimoja, na iliyofagiwa.

"Ardhi hii inafanya kazi gani?" akauliza.

"Ni uwanja wa vijana, bwana," akasema Jumbe.

"Vijana wako wapi?"

Jumbe akatazama kushoto, akatazama kulia. Kulikuwa na mbuzi mmoja, tena mzee.

Bwana shauri hakuwa mtu mbaya. Alisema atarudi kabla ya mvua za vuli. Akiwakuta vijana wanacheza hapo, mchezo wa kweli wenye kanuni, refa na wapinzani kutoka mbali, uwanja utabaki. Akiukuta mtupu, utapandwa mihogo. Kuhusu mpira wa kuchezea hakuweza kusaidia, lakini alikuwa ametoka mkutanoni Dar es Salaam, na huko walielezwa kwamba michezo ya jadi ya wenyeji inaweza kabisa kugeuzwa michezo ya kisasa ya vijana, mradi itiwe kanuni.

Kibwana alizipokea habari hizo na ufagio mkononi. Hakuogopa mihogo, maana aliilima maisha yake yote. Aliogopa kwamba ikishapandwa pale, hapatakuwa tena mahali duniani ambapo mtu anaweza kusimama akasema, hiki alikifanya Adamu. Moyo ulimuuma kama jino, akaendelea kufagia.

Jumbe akaitisha kikao. Bao likakataliwa, kwa kuwa wachezaji wa bao hukaa chini na hawahitaji uwanja, wanahitaji kahawa. Mieleka ikakataliwa kwa heshima ya Kondo, aliyekuwa amekaa mbele kabisa na bega ambalo halikurudi mahali pake tangu mieleka ya mwisho. Rede wavulana walisema ni ya wasichana, wasichana wakasema ndiyo sababu wavulana hawaiwezi, na kikao kikapotea hapo kwa muda mrefu. Walipochoka wote, Mwalimu Hemedi akasema, "Basi kibe."

Hakuna aliyepinga. Kila mtu pale alikuwa amecheza kibe tangu alipojua kukimbia. Mmoja hufumba macho kwenye nguzo na kuita, "Kibe!" Wenzake wakitafuta pa kujificha hujibu, "Bado!" Huita tena, hujibu tena, mpaka wajibu, "Tayari!" Hapo hufumbua macho akaanza kutafuta. Mchezo wenyewe ndio huo, na watoto wa Kibuta waliucheza kila jioni bila bwana shauri kuhusika.

Hemedi akautia kanuni. Alikuwa mwalimu mwenye bidii, na kanuni kwake zilikuwa kama pilau kwa watu wengine. Timu moja watu kumi na mmoja, kwa kuwa mpira nao ni hivyo, wavulana na wasichana pamoja. Timu moja hujificha, nyingine hutafuta, kisha hubadilishana. Anayeonekana hutajwa jina na kurudishwa kwenye nguzo katikati ya uwanja. Mpaka ni kisima upande huu na mikorosho ya Kondo upande ule. Ni marufuku kujificha msikitini, chooni, nyumba yenye mwali aliyewekwa ndani, na nyumba yenye mjane aliye katika eda. Kwa wakati huo mjane alikuwa mmoja, Bi Biasha, ambaye nyumba yake ilikuwa pembeni mwa uwanja kabisa na ambaye tangu mumewe azikwe hakuna mwanamume wa kando aliyemwona wala kuisikia sauti yake.

Refa akateuliwa Kibwana, maana ndiye aliyekuwa uwanjani siku zote. Alikubali kwa sharti moja.

"Kule kuita kuondolewe," akasema. "Kibe, bado, kibe, bado. Ni utoto. Mchezo wa kisasa una filimbi."

"Mzee Kibwana, lakini ndilo jina la mchezo wenyewe," akasema Hemedi.

"Jina libaki. Kuita kuondoke."

Hemedi akaandika filimbi. Sababu ya kweli Kibwana hakuitoa, na hakuna aliyemuuliza. Adamu alipokuwa mdogo alijificha mahali pamoja siku zote, nyuma ya mlango wa nyumba yao, na alikuwa mzito wa kujibu. Wenzake wote wakishasema "Bado!" na kunyamaza, ndipo sauti yake ilipotoka peke yake, nyembamba, imechelewa, ikimwonyesha kila mtu alipo. Alikuwa wa kwanza kukamatwa kila jioni na hakujifunza. Kibwana alijua kwamba hataweza kusimama kwenye uwanja ule akasikia wito ule ukijibiwa na watu wote isipokuwa mmoja.

Mazoezi yakaanza, na Kibuta wakawa hodari kupita kiasi. Hemedi aliwafundisha kutokohoa. Aliwavisha mashati yaliyochovywa kwenye udongo. Tatu, binti wa fundi wa majamvi, alijifunza kukaa chini ya tenga la kuku pamoja na kuku wenyewe, na kuku wakamzoea. Abeid aliweza kulala mahali popote penye kivuli na kuonekana kama kivuli. Zaidi ya yote, Hemedi aliwaonya juu ya wageni. Timu iliyoalikwa ilikuwa ya Sofu, kule Kibaha, na watu wa Sofu walijulikana kwa ujanja.

"Watapiga filimbi yao kuwadanganya," aliwaambia. "Mkisikia filimbi ya kumaliza, msitoke. Mkiitwa mtoke, ndiyo msitoke kabisa." Hili la mwisho halikuhitaji kufundishwa. Hakuna mtoto aliyekulia Kibuta asiyejua kwamba neno "tokeni" ni mtego.

Siku ikafika. Sofu walikuja kwa lori la mkaa, wakiongozwa na Mwinyimadi, mwenye duka la viatu vya matairi. Walikuwa na fulana nyeupe mpya, ambazo walizifunga ndani ya shuka safari nzima zisichafuke, wakazivaa walipofika. Laiti wangezivaa ndani ya lori. Walijificha wao kwanza, na weupe ule ukaonekana kutoka kila upande. Kabla jua halijapanda sawasawa walikuwa wote wamerudishwa kwenye nguzo, na wa mwisho alikuwa bado anafunga kamba ya kiatu.

"Tubadilishane," akasema Mwinyimadi, na fulana yake ikawa na jasho.

Bwana shauri alitarajiwa asubuhi ile, lakini gari lake lilinasa kwenye mchanga njiani. Hemedi alitaka wamsubiri. Mwinyimadi akakataa, akasema Sofu ni mbali na lori si lake. Kwa hiyo Kibwana akapuliza filimbi, na Kibuta wakatawanyika. Sofu walipofumbua macho hawakuona hata mguu. Waliingia vichochoroni, wakaingia mashambani, wakapotelea huko. Watazamaji wakawafuata, wengine wakarudi majumbani mwao kulinda siri za waliojificha kwao. Wanawake walitwanga vinu vitupu kwa nguvu sana, kufunika sauti za waliojificha.

Uwanja ukabaki na nguzo, refa na kiti kilichowekwa kwa ajili ya mgeni.

Hapo ndipo gari la bwana shauri lilipotokea. Lilisimama pembeni, na kabla vumbi lake halijatua kitu kilitoka kichakani, kikapita kwa tumbo, kikaingia chini yake. Kibwana aliona visigino vya Abeid. Refa hana ruhusa ya kusema anachokiona, akatazama mbali.

Bwana shauri aliketi. Jumbe Mwinyijuma akasimama kando yake na kofia mkononi. Walitazama uwanja. Uwanja ulikuwa umefagiwa vizuri.

"Mchezo utaanza lini?" akauliza bwana shauri.

"Umeshaanza, bwana," akasema Jumbe.

Bwana shauri akatazama tena, kwa adabu. "Vijana wako wapi?"

"Wapo, bwana."

"Wapo wapi?"

"Wamejificha."

"Kwa nini wamejificha?"

"Ndio mchezo wenyewe," akasema Jumbe, na alipojisikia akilisema, akatamani ardhi impasukie.

Kibwana alisogea akaeleza. Alieleza kanuni, mipaka, watu kumi na mmoja, nyumba zilizokatazwa. Alisema Kibuta wanaongoza kwa mbali sana, na kwamba uwanja kuwa mtupu namna hii ndiyo dalili ya ustadi. Wangekuwa wabovu, bwana angewaona. Bwana shauri alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa ameshatembelea vijiji vingi mwaka ule, akaonyeshwa zahanati ambazo aliambiwa zipo, na visima ambavyo aliambiwa vipo.

"Waite," akasema.

Kibwana akapuliza filimbi ya kumaliza. Hakutoka mtu. Akapuliza tena, mashavu yakamvimba. Kutoka ndani ya shamba la mihogo filimbi nyingine ikajibu, ya Mwinyimadi wa Sofu, aliyekuwa ameileta mfukoni kwa ujanja ule ule uliotabiriwa. Baada ya hapo hata majani yakatulia.

Jumbe akavua heshima zake na kupaza sauti. "Tokeni! Tokeni nyote, bwana shauri amefika! Mimi Jumbe nasema tokeni!" Paka wa Hemedi alitoka.

Kibwana alimtazama yule mgeni na kuuona uso wake ukifungika. Haukuwa uso wa hasira, na hilo ndilo lililomtisha. Ulikuwa uso wa mtu aliyekuwa na matumaini madogo na sasa anayakunja ayarudishe mfukoni.

"Nasikitika," akasema bwana shauri, akainuka. "Nafikiri mnaupenda uwanja huu. Lakini hauna watu. Mvua zikianza, mtaanza kupanda upande ule wa nguzo." Akaelekea kwenye gari, ambalo chini yake Abeid alikuwa ameziba pumzi.

Miguu ya Kibwana ilijiendea yenyewe. Alikwenda katikati ya uwanja, akaiegemea nguzo, akaweka paji la uso juu ya mikono yake kama mtoto anayefumba macho. Filimbi ilikuwa inaning'inia shingoni, hakuigusa. Alijua alichokuwa karibu kukisikia na alijua atakachokikosa, na aliutaka uwanja zaidi ya alivyoogopa.

"Kibe!" akaita.

Hapakuwa na mtu wa kufikiri. Kama wangefikiri, Hemedi alikuwa amewafundisha vizuri. Lakini neno lile lilikuwa limeingia ndani yao kabla ya Hemedi, kabla ya kusoma, wengine kabla ya meno ya pili.

"Bado!" likatoka chini ya gari, na bwana shauri akaruka.

"Bado!" kutoka mkorosho wa Kondo, matawi matatu mbalimbali. "Bado!" kutoka darini, kutoka pipa la maji, kutoka nyuma ya jamvi lililoanikwa. Tenga la kuku likainuka kidogo, likasema "Bado!" likakaa chini. Sofu wakajibu kutoka mashambani, ingawa wao ndio waliokuwa wakitafuta. Wanawake wakaacha kutwanga vinu vyao vitupu wakajibu. Wazee wakajibu. Ukuta wa Bi Biasha ukajibu, kwa sauti nzito ambayo wanaume wa kando hawakuwa wameisikia tangu msiba wake. Msikitini pia palijibu, na imamu baadaye alishikilia kwamba alikuwa ni mtu mwingine. Jumbe Mwinyijuma akasema "Bado!" akauziba mdomo wake kwa kofia.

Kijiji kizima kilikuwa kimesema, na uwanjani hapakuwa bado na mtu. Bwana shauri alisimama, mkono kwenye mlango wa gari, akigeuka taratibu na kuzitazama nyumba, miti na mashamba, mahali ambapo muda mfupi uliopita aliona hakuna kitu.

Kibwana angeweza kuishia hapo, kazi ilikuwa imekwisha. Lakini hakuondoa uso wake kwenye nguzo. Aliita mara ya pili, na safari hii hakuwa anawaita Kibuta wala Sofu.

"Kibe!"

"Bado!" wakajibu wote, sasa kwa vicheko, sasa wakitoka, wenye udongo, wenye manyoya ya kuku, wakiujaza uwanja kutoka pande zake zote. Kibwana alingoja. Waliponyamaza aliendelea kungoja, kama alivyokuwa akingoja zamani, macho yamefumbwa, akijua kwamba safari hii anangoja bure.

"Bado!"

Ilitoka peke yake, imechelewa, nyuma ya mlango wa nyumba yake mwenyewe.

Watu wakageuka. Kibwana hakugeuka. Mabega yalimtikisika, na Jumbe, aliyekuwa mtu wa busara pale ambapo maneno hayahitajiki, akamwelekeza bwana shauri upande mwingine amwonyeshe mikorosho.

Yaliyobaki yalikuwa ya kawaida. Bwana shauri alisema mihogo itatafutiwa mahali pengine, hata kama ni lazima kung'oa visiki. Aliomba pia kwamba atakapokuja tena watu wacheze kitu kinachoonekana. Mwinyimadi wa Sofu alileta malalamiko kwa refa: wachezaji wote kumi na mmoja wa Kibuta walijitangaza wenyewe kwa midomo yao, na kanuni ni kanuni. Hemedi alibisha mpaka mishipa ikamtoka. Kibwana akaamua Sofu wameshinda, kwa sababu ilikuwa kweli. Wakaondoka na birika lililowekwa kuwa zawadi ya mshindi, juu ya lori la mkaa, fulana zao zikiwa mwilini safari hii, na habari ni kwamba walifika Sofu wakiwa na sare nzuri sana kwa mchezo ule.

Filimbi Kibwana alimrudishia Hemedi siku ile ile, akamwambia wito urudi kwenye kanuni. Hemedi akauandika.

Kisha akaenda nyumbani. Mwamini alikuwa jikoni ameketi juu ya mbuzi, anakuna nazi. Khanga yake ilikuwa na vumbi la ukuta begani, aina ya vumbi ambalo mtu halipati jikoni. Kibwana akakaa kwenye kigoda.

"Wewe hukuwa kwenye timu," akasema.

"Sikuwa."

"Mbona ulijibu?"

Mwamini akageuza kifuu mkononi, akatafuta mahali palipobaki nyama.

"Si uliita?" akasema.